Sehemu na Jumla

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," walisema wahenga, na kwa muda mrefu madaktari wa upasuaji waliifuata hekima hiyo. Mtu aliyeingiwa na sarkoma, yaani saratani ya nyama laini za mwili kama misuli na mafuta, katika mkono au mguu, aghalabu aliambiwa: toa kiungo, ubaki na uhai. Nani angebisha? Mguu ni sehemu, uhai ni jumla. Na akili hukubali upesi sehemu itolewe ili jumla iokoke.

Lakini methali hiyo ni kweli pale tu ambapo hapana budi kuchagua moja ya shari hizo mbili. Je, ilikuwa hivyo? Swali hilo lilipimwa Marekani, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani iliyoko Bethesda, Maryland. Tangu 1975 hadi 1981, Steven Rosenberg na wenzake waliwagawa wagonjwa 43 wa sarkoma kali kwa kura. Wagonjwa 16 walikatwa kiungo. 27 waliondolewa uvimbe pamoja na nyama iliyouzunguka, kisha wakatibiwa kwa mionzi. Wote walipewa na dawa za saratani. Matokeo yalichapishwa 1982. Makadirio ya waliobaki hai kwa miaka 5 yalikuwa 88 kwa 100 upande wa waliokatwa, na 83 kwa 100 upande wa walionusuriwa kiungo. Tofauti ambayo, kwa watu wachache kama hao, yaweza kuwa bahati tu. Hata hivyo, huruma nayo ilikuwa na gharama: kati ya wale 27, wanne walirudiwa na ugonjwa mahali pale pale, kati ya wale 16, hata mmoja.

Nadhani funzo la habari hii si kwamba huruma imelishinda kisu. Hata leo, ingawa viungo vingi hunusuriwa, wako ambao hawana njia ila kukatwa. Funzo ni kwamba anayemtaka mwenzake atoe kisichorudi, ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kuwa hapana njia nyingine. Jino la pembe si dawa ya pengo. Hofu si uthibitisho. Mazoea si uthibitisho. Na huruma peke yake, isiyokubali kupimwa, si uthibitisho vilevile, kwa maana yaweza kuokoa mguu na kumpoteza mwenye mguu.

Labaki jambo moja ambalo hesabu haiwezi kuamua. Daktari anajua hatari ya ugonjwa kurudi. Mgonjwa anajua thamani ya mkono wake, kama ni mkono wa kushonea, wa kulimia au wa kubebea mtoto. Elimu ya mmoja haitoshi bila ya mwingine. Kwa hiyo jumla tunayotaka kuiokoa si mapigo ya moyo tu: ni mtu mzima, na mtu mzima huulizwa.