Kumsubiri wa Mwisho

Januari hii tulikuwa wanafunzi tisa wa uzamili, tukaendesha baiskeli kutoka Bristol hadi Bath, kisha tukaufuata mfereji wa Kennet and Avon kuelekea Bradford on Avon. Njia ya kwanza, kama kilomita 21, ilikuwa reli iliyofungwa zamani. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliokokota mashua za mizigo. Zote ni tambarare, maana treni haiwezi mlima mkali na maji hayapandi. Waliozijenga walipima kwanza uwezo wa chombo, ndipo wakachora njia.

Sisi je, tulipima uwezo wa nani?

Kila baada ya kilomita chache, wenye kasi walisimama kumsubiri mwenzetu wa mwisho. Huo unaitwa utu. Lakini tazama: wao hupumzika dakika tano, yeye akifika tu, safari inaendelea. Mwenye pumzi nyingi anapata mapumziko, aliyechoka anakosa. Na kwa baridi ile, jasho likiwapoa mgongoni, wanamlaumu kimoyomoyo.

Subira huvuta heri, twasema. Heri hiyo ilimfikia nani? Ukimsubiri mtu, unamfanya mdeni wako. Ukienda kwa mwendo wake tangu mwanzo, humdai kitu.

Utasema si haki wanane wabanwe na mmoja. Ingekuwa mashindano, ningekubali. Ila tulialikana kwenda pamoja, na gharama ya neno hilo humwangukia mwenye nguvu za ziada.

Basi aliye mzito atangulie. Njia ya farasi ni nyembamba, hakuna atakayempita.