Kipande Changu Kimepinda

Mwaka jana niliacha chuo nikarudi nyumbani, Busia. Nilimkuta Mama na wenzake wa chama wakifuma vipande vya sufu, sentimita 20 kwa 20. Vipande 35, vitano kwa saba, vikiunganishwa vinatoa blanketi la mtoto. Walikuwa wanawafumia watoto wa Budalang'i, kule ambako Mto Nzoia ukivunja kingo watu huhamia kambini.

Nikawapigia hesabu. "Mama, si pesa ya huu uzi inanunua mablanketi mawili ya mtumba hapo sokoni?"

Hakubisha. Akanipa sindano na uzi.

Hesabu yangu bado naitetea. Mtoto aliyelowa usiku wa leo hawezi kungoja mtu amalize kufuma, na baridi haiulizi kama blanketi limetoka kwa mkono wa mama au kwa robota la mitumba. La kwanza linunuliwe. Ukifuma ili ujione mwema huku mwenzako anatetemeka, umejifunika mwenyewe.

Lakini mimi sikuwa na pesa ya kununua hata hilo moja. Kutoa ni moyo, si utajiri: nilidhani ni maneno ya kuwafariji wasio na kitu. Kipande changu kilinichukua siku tatu, kikatoka kimepinda. Nikataka kukifumua. Mama akaninyang'anya, akakishona katikati, vingine vikakishika pande zote nne.

Ndicho kitu pekee nilichomaliza mwaka huo. Kuna mtoto anajifunika nacho.