Sabuni Kidogo, Mikono ya Nani?

Kila mtu aliyewahi kupanga keja mjini ashapewa ushauri huu: wacha kununua sabuni ya unga ya mbao mbao, nunua ya kilo. Na ukichukua kalamu, hesabu inakubali. Tuseme pakiti ya gramu 50 ni shilingi 20, na ya kilo moja ni shilingi 330. Pakiti ndogo 20 zitakutoa 400. Hapo umeokoa 70, na kwa mtu wa bedsita hiyo ni chai na mandazi. Kwa hivyo anayenunua kidogo kidogo anaonekana kama mtu asiyejua hesabu, au asiye na nidhamu.

Mimi naona anajua hesabu vizuri sana, ila anapiga hesabu nyingine. Anayelipwa kwa siku hana 330 za sabuni leo. Ana 200, na ndani yake kuna unga, sukuma, mafuta ya kupima na nauli ya kesho. Kumwambia anunue kilo ni kumwambia akopeshe sabuni pesa ya chakula. Pia kilo ya sabuni kwenye ploti yenye mfereji mmoja haikai. Jirani ataomba kijiko, mwingine ataomba "kidogo tu ya soksi", na kumnyima mtu sabuni ukiwa umeshika mfuko mzima ni aibu. Pakiti ndogo ni kama kufuli. Ukishaimwaga kwenye beseni, hakuna wa kuiomba.

Wahenga wetu waliona pande zote mbili. Walisema haba na haba hujaza kibaba, halafu wakasema bandu bandu huisha gogo. Kidogo kidogo hujenga na kidogo kidogo humaliza. Inategemea kama unatia au unatoa, na maskini mara nyingi yuko upande wa kutoa. Mwandishi Mwingereza Terry Pratchett aliliweka wazo kama hilo katika riwaya yake Men at Arms ya 1993, kwa mfano wa buti. Tajiri hununua buti zuri linalodumu miaka. Maskini hununua la bei ya chini, linaisha, ananunua lingine, na mwishowe yeye ndiye amelipa zaidi na bado miguu imelowa.

Basi tukubaliane kwamba kubana matumizi si jambo la tabia peke yake. Lakini kuna swali lingine ambalo ushauri wa pesa hauligusi kamwe: ukibana sabuni, gharama inaenda wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu gharama haiyeyuki kama povu. Mwaka wa 1959, mtaalamu wa kemia wa Ujerumani aitwaye Herbert Sinner alieleza usafi kwa mchoro wa duara lenye vipande vinne: kemikali, yaani sabuni, joto, muda, na nguvu ya kusugua. Ukipunguza kipande kimoja, lazima vingine vikue, la sivyo nguo haitakati. Kila aliyefua kwa mkono anajua hili hata kama hajawahi kulisikia jina la Sinner. Sabuni ikipungua, mkono unaongezeka. Maji yakiwa ya kisima chenye chumvi, kama mitaa mingi ya Mombasa, sabuni ile ile inafanya kazi nusu, na mkono unaongezeka tena.

Ukifua nguo zako mwenyewe, hakuna shida ya kimaadili hapo. Umeamua kulipa kwa misuli badala ya shilingi, na misuli ni yako. Shida inaanza pale mlango unapobishwa na mama fua.

Fikiria Jumamosi ya kawaida. Kuna beseni mbili, jinzi nne, shuka, taulo, na blanketi ambalo lilisahaulika tangu mwezi juzi. Mwenye nyumba anatoa pakiti moja ya sabuni na kipande cha sabuni ya mche kilichobaki kama kidole. Bei imeshapatanwa, na ni ya kazi nzima, si ya saa. Hapo mwenye nyumba ameokoa shilingi 20. Mama fua atazilipa kwa nusu saa zaidi ya kuinama, na kwa ngozi ya vifundo vya vidole. Hatasema kitu. Akisema, wiki ijayo ataitwa mwingine, kwa sababu wanaosubiri kazi barazani ni wengi.

Najua jibu litakalokuja. Hata mimi ninahangaika, kodi imepanda, mshahara unachelewa, sabuni nyingi anaimwaga tu ili povu lionekane. Ni kweli kwamba povu si usafi. Kuna sabuni za mashine zilizotengenezwa zisitoe povu jingi, na nguo zinatoka safi. Ni kweli pia kwamba kuhangaika kwako si uongo. Aristotle alipoandika juu ya pesa na tabia njema, aliweka ukarimu katikati ya ubadhirifu na uchoyo, na akasema mtu apimwe kulingana na alicho nacho. Hakuna anayekudai utoe usichokuwa nacho.

Lakini kuna tofauti kati ya kukosa na kumkosesha mwingine. Ukikosa sabuni na uvae shati la jana, umebeba hali yako. Ukikosa sabuni na bado utake shati jeupe pe, umeitoa hali yako mgongoni na kumtwika mtu asiyeweza kukataa. Hiyo hatuwezi kuiita kubana matumizi, kwa sababu aliyebanwa si wewe.

Na bado kuna njia ya kuokoa sabuni isiyomuumiza mtu. Rudi kwenye lile duara. Kati ya vile vipande vinne, kimoja ni cha bure kwa mwenye nyumba: muda. Loweka nguo usiku wa Ijumaa. Paka sabuni kwenye kola na makwapa kabla ya kuloweka, pale uchafu unapokaa, usitawanye beseni zima. Tenganisha nguo za jasho tu na zile zenye matope. Asubuhi uchafu utakuwa umeshalegea, sabuni itatosha, na mkono wa mtu utapumzika. Kuna kitu cha haki katika kuokoa kwa namna hiyo, kwa sababu anayefaidika ndiye anayechukua usumbufu wa kukumbuka.

Ile pakiti tupu nayo haijaisha kazi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ililenga mifuko ya kubebea, haikugusa vipakiti kama hivi. Kwa hivyo inateleza hadi mtaroni, mtaro unaziba, na mvua ikija maji yanaingia kwa watu wa chini ya barabara. Huko nako kuna mtu atakayeinama kufua matope, kwa sabuni ya mbao.