Joto ni Udhuru wa Kiasi Gani?

Katika miezi ya kaskazi, tangu Disemba hata Machi, jua la miji yetu ya pwani huwa kali. Joto la mchana katika Mombasa hufika kiasi cha digrii 32 au 33, na hewa yenyewe imejaa unyevu wa bahari. Ukimwuliza mwenye bodaboda kwa nini kofia yake ngumu imetundikwa kwenye usukani badala ya kuwa kichwani, atakujibu kwa neno moja: Joto. Ukimwuliza abiria wake, jawabu ni lile lile. Twapenda kulitazama jawabu hili kwa insafu, kwani wako watu walikubalio bila ya kulipima, na wako walikataao bila ya kulisikiliza, na wote wawili hawakupata haki yake.

Kwanza twakiri kwamba joto ni udhuru wa kweli. Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa jasho. Jasho likauka, nalo huondoka na sehemu ya joto la mwili. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi kama hii yetu, jasho halikauki upesi, bali hutiririka tu. Mtu aliyevaa jaketi nzito ya ngozi na kofia isiyokuwa na matundu ya kupitisha upepo huzidi kupata taabu. Na taabu hiyo si ya raha peke yake: aliyezidiwa na joto kichwa humzunguka, fikira zake huwa nzito, na mkono wake huchelewa kushika breki. Basi asemaye kwamba joto ni kisingizio cha wavivu, bila ya shaka hajapata kungoja abiria kituoni saa saba ya mchana.

Lakini udhuru, hata ukiwa wa kweli, una kiasi chake, wala hauvuki mpaka wa haja iliyouleta. Mgonjwa asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kukaa. Yeye amesamehewa kusimama, hakusamehewa sala. Na jambo letu ni mfano wa hilo. Joto lamsamehe mpanda pikipiki vazi lisilofaa nchi yake, halimsamehe kujikinga. Ikiwa jaketi ya ngozi yamchoma, ziko jaketi za kitambaa cha wavu zipitishazo upepo, zilizotiwa vipande vigumu mabegani na viwikoni. Ikiwa kofia nyeusi yamkusanyia jua, iko nyeupe. Akisimama kituoni na aivue, akae kivulini na anywe maji. Akiondoka na aivae, kwani chombo kikisha kwenda upepo huja wenyewe. Haya yote ni makao ya mgonjwa yule katika sala yake. Ama kutupa kila kitu na kwenda kichwa wazi, miguuni ndara, hiyo ni kuacha sala kwa sababu ya maumivu ya goti.

Na hapa hatuna budi kuulizana jambo, wala mtu asione vibaya. Siku ya Idi na siku ya arusi, sisi watu wa pwani huvaa koti juu ya kanzu, na bwana arusi akaongezewa joho juu ya koti, na kilemba juu ya kichwa. Jasho humtoka hata likalowesha kola, naye hutabasamu, wala hapana amwambiaye: Vua, kuna joto. Basi joto hili ambalo twalivumilia muda wa saa tatu ili watu watutazame, vipi lisivumiliwe kwa dakika kumi, kutoka Kongowea hata Nyali, ili bongo la mtu lisalimike? Ikiwa twaweza kuchukua uzito wa pambo, twaweza kuchukua uzito wa kinga. Kinachopungua ni kujua thamani ya kile kinachokingwa.

Na tukitazame basi. Kichwa cha mtu kikianguka chini kutoka kimo cha mita 1.5, hupiga ardhi kwa mwendo upatao kilomita 20 kwa saa, na hilo lamtosha mtu kufa, ingawa hakupanda chombo chochote. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hupita kiasi cha mita 14 kwa sekunde moja. Ndani ya kofia ngumu mna tabaka ya povu lililokaushwa, ambalo kazi yake ni kupondeka badala ya fuvu. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu haifai tena, ijapokuwa kwa nje yaonekana nzima; na kofia isiyofungwa ukanda wake kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini, ikawa haikufaa kitu.

Ilimu hii ilikusanywa kwa misiba. Mwezi wa Mei mwaka 1935 yule Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana sana kwa khabari zake katika vita vya Waarabu na Waturuki, alianguka na pikipiki huko kwao Uingereza alipokuwa akiwaepuka vijana wawili waliopanda baiskeli. Kichwani hakuwa na kinga, na baada ya siku 6 alikufa. Miongoni mwa waganga waliomshughulikia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa maradhi ya bongo, ambaye baadaye alichunguza ajali za wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akatangaza aliyoyaona juu ya faida ya kofia ngumu. Tangu wakati huo ushahidi umezidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbali mbali, ulionyesha kwamba kwa waliopatwa na ajali, kofia hupunguza khatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na khatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Haiondoi khatari yote. Lakini hapana mwenye akili aachaye nusu ya mali yake baharini kwa kuwa hawezi kuiokoa yote.

Tukifika hapo, husikika sauti ya pili, nayo ni nzito kuliko ile ya joto. Husema: Ajali haina kinga. Wengi hudhani kwamba neno hili limekata shauri. Lakini na tuliangalie neno lenyewe. Ajali asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni muda uliowekwa, khasa mwisho wa umri wa mtu. Katika Kiswahili limechukua pia maana ya msiba wa ghafula, kama kugongana kwa magari. Methali ikisemwa kwa maana ya kwanza ni kweli tupu: siku ya mtu ikifika, haizuiliki kwa kofia wala kwa ngome. Lakini sisi twaichukua kweli ya maana ya kwanza, twaivika maana ya pili, kisha twasema kwamba kuanguka na pikipiki hakuna kinga. Hilo si kweli, na kila mtu alijua si kweli, kwani huyo huyo aisemaye hufunga mlango wake usiku, na hutia nanga mashua yake, na hampeleki mwanawe kuogelea penye mkondo. Na kila aliyekaa darsani ameisikia khabari ya mtu na ngamia wake, akajua kwamba kutegemea hakukuja mahali pa kufunga kamba, bali huja baada yake. Siku yetu hatuijui. Kamba tunayo mkononi.

Wengine husema: Kichwa ni changu, nami nikikipasua hasara ni yangu. Lau ingekuwa hivyo, tungelinyamaza. Lakini aliyevunjika bongo hajiugui mwenyewe. Huuguzwa na mama aliyekwisha kuwa mzee, na mke aliyeacha kupika maandazi ya kuuza ili amgeuze kitandani. Na ada ya shule ya watoto huenda dawani. Raha ya upepo aliionja peke yake; gharama yake wailipa watu ambao hawakuulizwa. Mwili tumeukabidhiwa, nasi twaulizwa juu yake kama mtu aulizwavyo juu ya amana ya jirani.

Na ikiwa hivyo ndivyo kwa kichwa cha mtu mwenyewe, vipi kichwa cha abiria wake? Sheria ya barabara ya Kenya, tangu mabadiliko ya mwaka 2012, yamtaka mwenye pikipiki kuwa na kofia mbili na vizibao viwili vya kumetameta, na abiria awe mmoja tu. Aghlabu twaona kofia moja na abiria wawili, na hiyo moja huvaliwa penye askari na kuvuliwa akisha pitwa; kana kwamba aliye katika khatari ya kuanguka ni askari.

Abiria nao wana hoja. Kofia ya watu wote ina jasho la watu wote, na bibi aliyejifunga ushungi wake hapendi kuitia kichwani. Hoja hiyo ni ya haki, na dawa yake si ngumu: kitambaa safi cha pamba chini ya kofia, ambacho kila mtu aweza kukichukua mkobani, na mwenye chombo kufua bitana yake mara kwa mara. Na mabibi wazikusanye vyema ncha za buibui na leso kabla chombo hakijaondoka, kwani nguo ikikamatwa na gurudumu au mnyororo haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele.

Lakini haitakuwa insafu kumtwika kijana wa bodaboda mzigo wote. Wengi wao chombo si chao. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri. Tajiri apokeaye hesabu hiyo kila siku, naye hakumnunulia kijana kofia mbili njema, ana fungu lake katika damu itakayomwagika. Na sisi tunaopanda, tunaomhimiza kijana akimbie, na tunaomchagua yule apunguzaye shilingi kumi kuliko yule atupaye kofia, fungu letu nalo lipo.

Basi, ndugu zetu, tusiwaambie vijana kwamba hakuna joto; lipo. Tuwaambie kwamba joto huchagua nguo, wala halichagui baina ya kichwa na upepo. Mwenye uwezo kidogo na aanze na kofia yenye ukanda, kisha viatu vya kufunga, kisha jaketi nyepesi, kila kimoja kwa wakati wake. Tajiri na anunue kabla ya kudai hesabu. Na abiria apewaye kofia aivae, na asiyepewa aiulize, na akikosa na amngoje mwingine, hata kama jua ni la saa saba.