Ardhi Nayo Ina Sabato Yake

Somo: Walawi 25:1-7



Katika somo hili Bwana anawaagiza Waisraeli kwamba, wakiisha kuingia katika nchi anayowapa, kila mwaka wa saba wasilime wala wasipande. Ardhi ipate kupumzika. Tuangalie vema: mapumziko hayo hayakuwa ya mkulima peke yake, bali ya udongo wenyewe. Mbele za Mungu ardhi nayo ina haki yake.

Sisi wa Kondoa tuna sababu ya kulielewa agizo hili kuliko watu wengi. Tumekua tukiyaona makorongo yanayoweza kumeza nyumba. Miti ilikuwa imekatwa, mifugo imezidi uwezo wa malisho, na kila mvua iliponyesha udongo mwekundu ulikwenda zake. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO. Yakachimbwa makinga maji, ikapandwa miti. Lakini mifugo iliendelea kula na kukanyaga, na kazi haikushika. Basi mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika. Mifugo ipatayo 90,000 ikaondoka katika eneo la kilometa za mraba 1,256.

Ilikuwa amri chungu. Watoto waliozoea maziwa waliyakosa. Mzee aliyekuwa na zizi lililojaa alibaki akiitazama miti ya boma. Wengine walipeleka wanyama wao kwa ndugu nje ya eneo, na mzigo ukaelemea ardhi ya huko. Hayo tusiyafiche, maana mara nyingi gharama ya kuponya nchi humwangukia mnyonge kwanza. Hata hivyo, miaka michache baadaye nyasi zilirudi, na visiki tulivyodhani vimekufa vikachipua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wakaanza tena kufuga, ng'ombe wachache wa maziwa waliolishwa zizini. Ardhi ilikuwa imepata sabato yake.

Leo tuna jaribu kubwa zaidi. Tabianchi inabadilika. Mkulima hajui tena apande lini, na mvua ikija huja kwa hasira. Wataalamu wanatueleza kwamba moshi unaoipasha dunia joto umetoka zaidi katika nchi tajiri. Ni kweli, na ni haki yetu kulisema. Lakini je, jirani akichoma shamba lake, nasi tuchome letu?

Serikali yetu imefanya sehemu yake. Ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004. Tarehe 1 Juni 2019 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na sote tukarudia vikapu. Mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanaitumia. Tunashukuru. Lakini sheria haimwagilii mche, wala mkakati hauwashi jiko.

Na hapa, wapendwa, hatuna budi kutubu. Tulipanda miche kuzunguka kanisa letu. Tuliimba, tukaomba, tukapiga picha. Kiangazi kilipofika hakuna aliyekumbuka. Iliyobaki hai ni ile michache nyuma ya jiko la Kasisi, kwa sababu mama aoshaye vyombo pale aliimwagia maji machafu kila jioni. Hakuagizwa na mtu wala hakupigwa picha. Sisi tuliofundisha watoto miaka mingi habari za mmomonyoko wa udongo tuliaibishwa na mama yule, na aibu hiyo ilitufaa.

Tena, tusimwite mjane auzaye mkaa adui wa mazingira, kisha tukanunue magunia kwake kwa karamu ya Kipaimara. Tukitaka aache tanuru, tumwonyeshe pa kupatia ada ya mtoto. Bila hivyo tutakuwa tumemwekea yeye mzigo, na sisi tumekaa kivulini.

Basi tunaomba mambo matatu katika parishi yetu. Kila nyumba ipokee mche mmoja na kuutunza kwa maji ya kuoshea vyombo hadi mvua zitakapokuja. Halmashauri ya Parishi itenge sehemu ya sadaka ya mavuno kununua jiko la gesi kwa ajili ya karamu zetu. Na wajane wanaoishi kwa mkaa waulizwe wenyewe ni kazi gani wangeiweza, kisha tuwasaidie kuianza.

Ee Mungu Baba, uliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, utusamehe tulivyoilima tusiitunze. Uwape watawala wetu hekima, nasi utupe uaminifu katika yale madogo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.