Mkono Ukitetemeka, Neno la Mzee Lina Uzito Gani?

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo familia nyingi za Kiislamu hapa mijini zinalijibu kila siku bila ya kujua kuwa zinalijibu. Mzazi akianza kupungua akili, je, neno lake linabaki kuwa neno? Akisema siuzi nyumba yangu, tumsikilize au tumhesabu kama hayupo? Na akimtuhumu mkwewe wizi, tumchukulie kuwa kasema yeye, au yamesema maradhi?

Sizungumzii wazimu ulio wazi, ambao hukumu yake inajulikana na kila aliyesoma hata darasa la kwanza la fiqhi. Nazungumzia maradhi ambayo akili haiondoki kwa siku moja. Inaondoka kipande, kipande kingine kinabaki, na kilichoondoka jioni huenda kikarudi asubuhi. Mfano wake mkubwa ni maradhi ya Parkinson, ambayo wengi tunayaita ugonjwa wa kutetemeka na kuishia hapo.

Daktari wa London, James Parkinson, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1817. Aliwaeleza wagonjwa sita tu, wengine wao aliwaona barabarani, na akaandika kuwa fahamu na akili zao hazikuguswa. Leo inajulikana kuwa hakuona yote. Ndani kabisa ya ubongo hufa chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo haiendeshi mikono na miguu peke yake. Inasaidia pia kupanga mambo, kuhama kutoka wazo moja kwenda jingine, na kuweka nia ya kutenda. Ndiyo maana mgonjwa huchelewa kujibu. Jibu analo, ila linachukua muda kufika ulimini. Huweza kusahau jina, lakini ukimdokezea kidogo analikumbuka. Wengine, kadiri miaka inavyokwenda, huona watu au wanyama wasiokuwepo.

Utafiti mmoja wa Sydney, Australia, uliwafuatilia wagonjwa 136. Taarifa yake ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa baada ya miaka 20 walikuwa wamebaki hai 30, na asilimia 83 ya hao akili zao zilikuwa zimedhoofika kiasi cha kushindwa kujitegemea. Lakini utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa baada ya miaka 10 walio wengi bado hawajafika huko. Kwa hiyo baina ya siku ya kwanza ya kutetemeka na siku akili inapozimika, kama itazimika, upo umri mrefu. Dhulma nyingi hutendeka ndani ya umri huo.

Kosa la kwanza tunalofanya ni kusoma akili ya mtu usoni. Maradhi haya hukaza misuli ya uso na kuishusha sauti, na mtu huonekana kama hana habari. Muhammad Ali, ndugu yetu aliyejulikana dunia nzima, alitangazwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984 na akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2016. Alipowasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996, wapo waliotazama mkono unaotetemeka na uso usiocheka wakasema yule bwana amekwisha. Walichokuwa wanakiona ni misuli.

Niliwahi kuitwa niwe shahidi katika kikao cha familia moja mtaani kwetu. Watoto walitaka kuuza nyumba ya baba yao, mgonjwa wa Parkinson wa miaka mingi, na dalali alikuwa keshaleta mteja. Kikao kilikuwa usiku, baada ya Isha. Watu watatu walimuuliza mzee kwa pamoja, naye akabaki kuwatazama. Mkubwa wao akasema, "Mnaona wenyewe, hapa hakuna mtu tena." Kisha wakaleta wino wa dole gumba. Nilikataa kuweka saini, nikaomba tukutane asubuhi, mzee akishakunywa dawa zake.

Asubuhi ile mzee aliongea polepole, lakini aliongea. Alitaja mwaka aliojenga, akataja fundi, akataja kuwa dada yake ana haki katika kiwanja. Kisha akauliza, "Kwani vyumba viwili vya uani haviwezi kupangishwa, wanangu, ikapatikana hela ya dawa?" Kabla hatujaondoka, mzee huyo huyo alimwambia mjukuu wake asiwakanyage watoto waliokaa kwenye mkeka. Mkeka ulikuwa mtupu.

Sasa tuseme mtu huyu ana akili au hana? Wanawe walitazama mkeka wakasema hana. Mimi nasema swali lenyewe limekosewa. Akili si taa moja ya kuwasha na kuzima. Mtu anaweza kuona asiyekuwepo na wakati huo huo akajua vizuri nyumba ni ya nani na hela ya dawa itoke wapi. Swali sahihi ni hili: je, jambo hili, kwa saa hii, analifahamu? Anajua anachokitoa, anampa nani, na nini kitafuata? Kama anajua, neno ni lake, hata likichukua dakika tano kutoka.

Wanazuoni wetu walilipima jambo hili zamani sana, japokuwa hawakuyajua maradhi haya kwa jina. Imam Abu Hanifa alikataa mtu mzima mwenye akili azuiliwe mali yake kwa sababu tu ni mbadhirifu. Aliona kuwa kumvua mtu hiari yake ni kuuangusha utu wake, na dhara hiyo ni kubwa kuliko ya mali kupotea. Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, hawakukubaliana naye. Walisema kumlinda mtu na hasara ni katika kumhurumia. Tazama, ndugu msomaji, kuwa pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu ya maslahi ya yule mtu mwenyewe. Hakuna aliyeuliza warithi wana haraka kiasi gani.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa, je, akiachiwa hiari yake akaitupa? Hofu hii ni ya kweli. Zipo dawa za maradhi haya, hasa zile zinazoiga kazi ya dopamini, ambazo kwa baadhi ya watu huamsha tamaa isiyozuilika ya kamari, ya kununua vitu, au ya matamanio ya mwili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa zaidi ya 3,000, uliikuta hali hiyo kwa asilimia 17 ya wanaotumia dawa hizo, na asilimia 7 ya wasiozitumia. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Rennes, Ufaransa, iliamuru mtengenezaji wa dawa amlipe fidia mgonjwa mmoja aliyeangamia kwa kamari. Mtu aliyeishi miaka 60 hajui karata, leo ameuza vyombo vya ndani. Tumwite fasiki?

Kabla ya kumhukumu, ni wajibu tuulize kilichobadilika. Dini yetu imefundisha kuwa kalamu haimwandikii aliyeondokewa na akili mpaka irudi. Mgonjwa huyu anaweza kuwa na akili ya kujua kuwa kamari ni haramu, akakosa nguvu ya kujizuia. Mizani ya dhambi yake iko kwa Allah (s.w.). Lililo mikononi mwetu ni kumrudisha kwa daktari, maana dawa ikipunguzwa chini ya uangalizi wake tamaa hiyo mara nyingi hupungua. Wakati huo huo tuiweke mali yake pasipofikika kwa urahisi. Kumlinda hakuhitaji kumfedhehesha.

Na ikifika mahali mzee hawezi kabisa, aya ya deni katika Sura ya Baqara imetuonyesha njia: asiyeweza kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Sharti ni uadilifu. Kwa maoni yangu, anayetaka kununua nyumba au anayengoja fungu lake hafai kuwa peke yake msimamizi. Awepo mtu asiyefaidika na chochote. Na kikao kiwe saa ambayo mzee yuko katika hali yake bora, aulizwe na mtu mmoja, swali moja moja, na angojewe.

Yapo pia mambo madogo ambayo hayataki kadhi. Akiona watoto kwenye mkeka, hulazimiki kubishana naye wala kumdanganya kuwa nawe unawaona. Mwambie wewe huwaoni, kisha muulize kama wanamtisha. Akianza kuona mambo ghafla, usimkimbize kwa anayepunga majini, na usikubali apewe dawa ya kutuliza wazimu kama haloperidol bila daktari kujua ana Parkinson, kwani humkaza mwili zaidi. Walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti waliwakuta watu 33 wenye maradhi haya, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Fikiria wangapi Dar es Salaam na Mombasa wanaitwa wakorofi, wamerogwa au wamepagawa.

Qur'an imetukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuguna wanapofikia uzee. Katazo hilo halikuweka sharti kwamba mzazi awe anajibu haraka, wala awe anakumbuka majina yetu. Kwa hiyo, yeyote ambaye wiki hii ana karatasi inayongoja dole gumba la mzee wake, namsihi aiweke kabatini mpaka mzee aulizwe vizuri, kwa saa yake, mbele ya mtu asiye na fungu.

Wabillahi Tawfiiq.