Msamaha wa Kasrini

Tarehe 29 Februari 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, alifariki mwanamke wa miaka 79 ambaye majirani walimjua kwa jina la Emily Ruete. Unguja alikuwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Alizaliwa mwaka 1844 katika Kasri la Mtoni, kaskazini ya mji, akafia mbali na kila aliyemlea.

Watu wengi husimulia habari zake kama kisa cha mapenzi: binti wa mfalme, mfanyabiashara wa Kijerumani, na manowari iliyong'oa nanga gizani. Ni kweli yalitokea. Lakini kila ninaposoma habari za mama huyu, mapenzi hayanishughulishi sana. Kinachonishika ni msamaha: nani husamehewa ndani ya ukoo, kwa kosa gani, na nani huachwa mlangoni mpaka mauti yanamkuta.

Mama yake aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi kutoka milima ya Kaukasi, akatekwa akiwa mtoto baada ya wazazi wake kuuawa, akauzwa, akaishia kuwa suria wa Seyyid Said. Salme alikulia Mtoni kati ya tausi na paa waliofugwa uani, katika nyumba iliyojaa masuria, wajakazi, matowashi na ndugu wa mama mbalimbali. Mtoto wa suria alikuwa mtoto halali, mwenye cheo na haki ya kurithi. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani, ila kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Oman, na Unguja ikawa chini ya mwanawe Majid. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alikula njama ya kumpindua Majid. Salme alikuwa na miaka 15, ameondokewa na mama kwa kipindupindu mwaka huohuo, na alimpenda mno dada yake Bi Khole, aliyekuwa upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa mwandishi wa njama, na barua za kutafuta silaha na wafuasi zikapita mkononi mwake. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash, Salme na Khole waliingia wakiwa na kundi la wanawake. Barghash alitoka humo katikati ya dada zake, amejifunika shela kama mwanamke, macho tu yakionekana, huku Khole akiwakaripia walinzi wasithubutu kuwazuia mabinti wa Seyyid Said. Barghash alikimbilia shamba lililoitwa Marseille. Huko wakapigana watu wa Majid na Waingereza dhidi ya watu wake, damu ikamwagika, njama ikashindwa.

Hapa ndipo ninapopenda kutulia. Barghash alimwinulia silaha ndugu yake aliyekuwa kwenye kiti. Katika falme nyingi za zama zile, angekatwa kichwa. Alipelekwa Bombay, akakaa kama miaka miwili, akarudi nyumbani. Majid alipofariki mwaka 1870, mwasi huyo ndiye aliyekalia kiti cha enzi, na wote wakamwita Seyyid. Salme naye, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuadhibiwa na Majid, ingawa wapo waliomshauri sultani aadhibu. Baadaye wawili hao walipatana. Waliomsusa kwa kupatana na Majid ni Khole na wenzake wa kambi ya Barghash, wale wale aliojitia hatarini kwa ajili yao. Wakati mwingine uliyemdhuru anakusamehe upesi kuliko uliyemsaidia.

Kosa la pili halikuwa na silaha. Alimpenda jirani yake wa mjini, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg, akapata mimba. Agosti 1866, usiku wa kuamkia Mwaka, wanawake wakiteremka pwani kuoga kama ilivyo desturi, alipanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer na kwenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Mwaka uliofuata alibatizwa, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete, aliyekuwa amemfuata kutoka Unguja. Mtoto yule hakuwahi kuiona Ujerumani. Walizaliwa wengine watatu Hamburg. Mwaka 1870, mdogo wao akiwa mchanga, Ruete aligongwa na tramu, akafa. Salme akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi ya baridi, akijitafutia riziki kwa kufundisha lugha.

Mwaka 1875 Barghash, sasa Sultani, alizuru London. Salme akafunga safari kutoka Ujerumani kwenda kumwona. Hakufika mbele yake. Anaeleza kwamba Sir Bartle Frere, mkubwa mmoja wa serikali ya Uingereza, alimsihi asilete usumbufu katika ziara hiyo, akamuahidi kuwa wanawe watasaidiwa. Alikubali kwa ajili ya watoto. Ahadi haikutimizwa.

Lazima nimtendee haki Barghash. Salme alikuwa amebadili dini, na kila Mwislamu anajua kwamba tofauti ya dini huzuia mirathi. Alipodai fungu lake katika mali ya ndugu waliofariki, Sultani hakukosa hoja. Isitoshe, Agosti 1885 Salme alirudi Unguja akiwa katika meli ya Wajerumani, wakati manowari za Kansela Bismarck zikielekeza mizinga mjini ili Barghash akubali Wajerumani kuchukua sehemu za bara. Mtawala anayenyang'anywa nchi huku dada yake akiwa upande wa wanyang'anyi, moyo wake utafunguka vipi? Wajerumani walimtumia Salme kama kisingizio, na walipopata walichotaka madai yake hayakuwa na thamani tena kwao. Watu wa mjini walijaa barabarani kumsalimia; kaka yake hakumpokea. Barghash alifariki mwaka 1888. Mwaka huohuo Salme alirudi kujaribu tena kwa mrithi wake, Seyyid Khalifa, na tena mlango haukufunguliwa.

Lakini mirathi ni jambo moja na udugu ni jambo jingine. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye hakuwa amesilimu, akamwuliza Mtume kama aunge naye udugu, akaambiwa amuunge. Hadithi hii husomeshwa katika madrasa zetu. London hapakuwa na mizinga ya Bismarck. Palikuwa na mjane mwenye watoto watatu. Barghash angeweza kumnyima kila senti kwa mujibu wa sheria, na bado akamruhusu aingie amsalimie. Sidhani kilichomzuia ni dini peke yake. Ukoo wa kifalme ulijua kusamehe uasi, kwa sababu uasi ni ugomvi wa wanaume juu ya kiti, na kiti kikishapatikana ugomvi umekwisha. Mwanamke aliyejichagulia mume aligusa heshima, na heshima haina siku inayohesabiwa kwamba deni limelipwa. Mizani hiyo haikufa na masultani. Nimeona majumbani mwetu mtoto wa kiume aliyefuja mali ya wazazi akipokewa kwa pilau, na dada yake aliyeolewa kinyume cha matakwa ya wazee asitajwe hata kwenye khitma.

Hata hivyo siwezi kumfanya Salme kuwa aliyedhulumiwa tu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin, kitabu ambacho bila yake tusingejua hata nusu ya maisha ya ndani ya kasri lile. Humo anautetea utumwa wa Unguja. Anaandika kwa uchungu juu ya upweke wake, ilhali wale waliochuma karafuu katika mashamba ya jamaa yake, waliotolewa Nyasa na Manyema na wasione tena makwao, anawaona kama watu waliokwisha kuzoea. Na mama yake mwenyewe alikuwa mtoto aliyetekwa! Alikuwa na ufunguo wa kuielewa dhuluma ile kifuani mwake, akashindwa kuutumia. Mjini Hamburg, uwanja mdogo ulipewa jina lake mwaka 2019, kisha maneno yake kuhusu watumwa yakaibua mjadala na jina likaondolewa. Nadhani wenye mjadala huo hawakukosea kuuliza. Aliyenyimwa huruma si lazima awe ameijua huruma, na kumhurumia hakutulazimishi kuyafumbia macho maneno yake.

Baada ya safari ya 1888 alihamia Beirut, akaishi huko miaka mingi hadi karibu na vita ya 1914, katika mji ambao angalau sauti za barabarani zilikuwa za Kiarabu. Alirejea Ujerumani uzeeni. Majivu yake yako makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, katika eneo la ukoo wa Ruete, na inasimuliwa kuwa alizikwa na mfuko wa mchanga wa Unguja alioutunza.

Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, hakuchoka. Aliandika kitabu juu ya babu yake Seyyid Said, akaendelea kuwaandikia wakubwa wa Zanzibar na Uingereza kuhusu haki ya mama yake. Mwaka 1932 Sultani Khalifa bin Harub alimtambua kuwa mmoja wa ukoo wa kifalme na kumruhusu atumie jina la Sayyid. Utambuzi huo ulikuja miaka minane baada ya Salme kufariki, na aliyepewa alikuwa mwanamume.